Kerala Wakati wa Mvua: Twende au Tungoje?

SWALI: Mhariri, mimi na mke wangu tunaishi karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu. Tumeweka akiba ili mwezi wa Agosti tuzuru Kerala, kusini-magharibi mwa India, tuone fuo, mifereji na sherehe za Onam. Rafiki yetu anasema huo ni msimu wa mvua, kwa hiyo tungoje Januari. Tufuate lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yenu amesema kweli. Pepo za kusi, ambazo zamani zilivusha majahazi kutoka pwani yetu hadi Malabar, yaani pwani hiyo ya kusini-magharibi mwa India, huileta mvua Kerala kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi Septemba, na bahari huchafuka hata kuogelea Kovalam au Varkala kukawa hatari. Mkitaka jua na mchanga, nendeni kati ya Desemba na Februari.

Hata hivyo, kwenu ninyi mliolelewa ziwani, mimi ningechagua Agosti. Onam, sherehe ya siku kumi ya kumkaribisha Mfalme Mahabali, ambaye wenyeji husimulia kwamba hurudi kila mwaka kuwajulia hali watu wake, hufuata kalenda ya Kimalayalam, ile ya wenyeji wa Kerala, na huangukia Agosti au Septemba. Basi hakikisheni tarehe kabla ya kulipia tikiti. Majira hayohayo, mjini Alappuzha, kwa kawaida hufanyika mashindano ya Nehru Trophy, yaliyoanza mwaka wa 1952, ambapo mitumbwi mirefu yenye wapiga kasia wapatao 100 kila mmoja hukimbizana kwa mdundo wa nyimbo.

Huko mtaona pia kettuvallam, mashua za kubebea mpunga ambazo siku hizi zimegeuzwa nyumba za wageni. Mbao zake hushonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kama mtepe wa Waswahili. Kuzikodi ni ghali. Feri za abiria za serikali ya jimbo hupita katika maji hayohayo kwa nauli ndogo, pamoja na wanafunzi na wachuuzi, nami naziona bora zaidi. Msishangae kukuta magugumaji katika ziwa Vembanad, kwani adha hiyo mnaijua vyema.

Jambo moja msilipuuze: anayetoka Kenya hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyodungwa angalau siku 10 kabla ya safari. Asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na mashindano yakampita.