Maswali ya Wasomaji: "Annoyed" na Jamaa Zake

Barua kadhaa zimetufikia zikiuliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu akikereka, aseme nini kwa Kiingereza? Tumezikusanya hapa na kuzijibu pamoja, kwa sababu makosa mengi yanayotajwa humo yana chanzo kimoja. Yanatokana na namna Kiswahili chetu kinavyounda vitenzi.

SWALI: Ndugu wahariri, nini tofauti ya "annoyed" na "annoying"? Nilimwandikia mwenzangu kazini "I am very annoying today" nikimaanisha kwamba nimekereka. Alicheka, ila hakuniambia kosa liko wapi.

JIBU: Ulichomwandikia ni "leo mimi ni kero kweli kweli."

Anza na kitenzi chenyewe, "annoy", yaani kukera. Kiswahili hutofautisha pande mbili za tendo hili kwa kubadili mwisho wa kitenzi: kelele zinakera, majirani wamekereka. Kiingereza nacho hutofautisha, lakini kwa kuunda vivumishi viwili. Chenye "-ing" humwelezea anayeleta kero, awe mtu, kitu au jambo. Chenye "-ed" humwelezea anayeipata. Kwa hiyo "The noise is annoying" ni kelele zinakera, na "The neighbours are annoyed" ni majirani wamekereka.

Kabla ya kuandika, jiulize nani anayeudhika moyoni. Huyo ndiye mwenye "-ed". Kelele hazina moyo wa kuudhika, kwa hiyo hakuna atakayeandika "the noise is annoyed". Hatari iko kwa wanadamu, maana mtu anaweza kuwa kero na anaweza pia kukereka. Sentensi zote mbili husimama vizuri kisarufi, kwa hiyo hata programu ya kusahihisha maandishi huenda isikuonye.

Lipo kosa jingine ambalo wasomaji wengi wanalo bila kujua. Mtu anatafsiri "nimekereka" kuwa "I have annoyed". Kiambishi -me- kinamvuta huko, kwa kuwa shuleni alifundishwa kwamba -me- ni "have". Lakini -me- katika kukereka, kuchoka, kushiba na kulala huonyesha hali uliyo nayo sasa, na hali kwa Kiingereza husemwa kwa "am", "is" au "are". Ukisema "I have annoyed", msikilizaji anasubiri umalizie: umemkera nani? Sema "I am annoyed". Kama ilikuwa jana, "I was annoyed". Kama hasira ndiyo kwanza inapanda, "I am getting annoyed". Na kama unasimulia jinsi ulivyofika hapo, "I got annoyed", yaani nikakereka.

Tazama pia sentensi hizi tatu, maana zinafanana kwa macho tu. "He is annoying me" ina kitenzi: ananikera sasa hivi. "He is annoying" ina kivumishi: ni mtu wa kukera, ndivyo alivyo. "He is being annoying" maana yake kwa sasa anafanya vituko vya kukera, ingawa si kawaida yake. Ukimsema mtoto wa rafiki yako, tumia ya tatu. Ya pili humhukumu mtoto mzima, na mzazi ataisikia hivyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wangu huandika "annoyed with", "annoyed of", "annoyed for", "annoyed on", kila mmoja na yake. Nawapa kanuni gani?

JIBU: Mwalimu, watoto wako wanateswa na "na". Kwetu ni nimekerwa na Juma, nimekerwa na kelele, nimekerwa na uamuzi, "na" ile ile kote. Kiingereza hugawa kazi hiyo kwa vihusishi vinne, na ukishajua kinachofuata ni mtu au ni jambo, nusu ya mzigo umeutua.

Akifuata mtu, "with" ndiyo salama kuliko zote: "She is annoyed with her brother." Hutumika pia "at" kwa mtu, nayo si kosa. Likifuata jambo, tumia "about" au "at": "He was annoyed about the delay", "They were annoyed at the decision". Kihusishi "by" hubeba maana ya kutendwa. Hutaja kilichosababisha, na kinakaribiana sana na "nimekerwa na": "I was annoyed by the noise."

"Annoyed of" na "annoyed on" zifutwe kabisa. "Annoyed for" nayo ifutwe pale mwanafunzi anapotaka kutaja sababu. Wengi huifikia kwa kutafsiri "kwa" ya "nimekereka kwa kuchelewa kwake". Mfundishe miundo miwili ya kuziba pengo hilo. Wa kwanza ni "that" ikifuatiwa na sentensi kamili: "I am annoyed that he came late." Wa pili ni "to" pamoja na kitenzi cha kuona, kusikia au kugundua: "I was annoyed to find the door locked", nilikereka kukuta mlango umefungwa. Huu wa pili ndio unaotofautisha mwanafunzi anayetafsiri na yule anayeandika Kiingereza, kwa hiyo ufanyieni mazoezi zaidi.

Kwa zoezi la darasani, toa sentensi kumi za Kiswahili zote zenye "nimekerwa na", tano za watu na tano za mambo, uzichanganye, kisha waulize kihusishi tu bila kutafsiri sentensi nzima. Ukidai tafsiri nzima, akili itakwenda kwenye msamiati na vihusishi vitasahaulika.

SWALI: Kamusi yangu inatoa "irritated", "cross", "mad", "vexed", "miffed" na mengine, yote eti maana yake kuudhika. Je, ninaweza kuchukua lolote?

JIBU: Hapana. Yanatofautiana kwa uzito, kwa mahali yanapotumika, na kwa kile kinachoweza kuelezewa nayo.

Kwa uzito, "annoyed" iko katikati, ndiyo maana tunakushauri uijue vizuri kabla ya nyingine. Chini yake zipo "miffed" na "peeved", za mtu aliyeguswa kidogo, pengine kwa kutoalikwa au kutosalimiwa. Hizi ni za mazungumzo. Usizitie kwenye ripoti. Sawa na "annoyed" ni "irritated", ila hii hubeba picha ya kitu kinachokukwaruza polepole na kwa kurudiarudia. Pia ina kazi hospitalini: "irritated skin" ni ngozi iliyowashwa au iliyokwaruzwa, na "irritated eyes" ni macho yanayowasha. Usiichanganye na "irritable", ambayo humwelezea mtu mwepesi wa kuudhika, awe hivyo kwa tabia au kwa sababu ya maumivu au kukosa usingizi. "Exasperated" ni subira iliyokwisha: umeeleza, umerudia, na bado hawasikii. Juu ya hizo ndipo inapoanza hasira yenyewe, "angry", na kileleni "furious". Neno hili la mwisho tayari lina uzito wake wote, kwa hiyo "very furious" husikika vibaya. Ukitaka kulikazia sema "absolutely furious". "Annoyed" huchukua "very", "really", "rather" na "slightly" bila shida.

Kuhusu mahali, "cross" ni ya Waingereza zaidi, na hupendwa sana kati ya mzazi na mtoto: "Don't be cross with me." Mmarekani ataielewa lakini huenda asiitumie. "Mad" nchini Marekani ni kukasirika, "She is mad at me". Nchini Uingereza wazo la kwanza ni wazimu, na "mad about" ni kupenda kitu kupita kiasi. Jihadhari zaidi na "pissed". Kwa Mmarekani ni kukasirika sana, kwa Mwingereza ni kulewa chakari, na pande zote mbili ni lugha chafu isiyofaa mbele ya wakubwa. Mtu anayejifunza kutoka kwenye filamu huokota neno hili mapema mno.

"Vexed" imezeeka kidogo katika Kiingereza sanifu, lakini bado iko hai katika "a vexed question", suala gumu lililozua mabishano ya muda mrefu. Hapo hakuna aliyekasirika. "Aggravated" nayo, ukiikuta kwenye hati ya mashtaka kama "aggravated assault", haizungumzii hasira hata kidogo. Ni shambulio lenye mambo yanayolizidishia kosa uzito. Maana ya asili ya kitenzi chake ni kuzidisha ubaya, kutoka Kilatini "gravis", zito. Maana ya kuudhi imo katika lugha tangu karne ya 17, ingawa wapo walimu wanaoikataa hadi leo. Katika mtihani, iepuke kwa maana hiyo.

Neno moja zaidi: "upset". Wengi hudhani ni hasira, kumbe mara nyingi limeegemea huzuni au kuumia moyo. Ukiambiwa "she is upset", usijiandae kwa ugomvi; huenda analia.

SWALI: Vijana wangu husema "ameniboa" wakikasirishwa. Je, "bored" inafaa kwa Kiingereza?

JIBU: Haifai. "Kuboa" na "kuboeka" zimetoka kwenye "bore", lakini katika maneno ya mtaani zimepanuka hadi kubeba kuudhi na kuvunja moyo. Kwa Kiingereza "I was bored by your words" ni kwamba maneno yako yalinichosha, hayakuwa na mvuto. Mtu uliyetaka kumlaumu atadhani unamwona mpumbavu asiye na la kusema.

Kuchanganyika kwa maana hizi mbili si udhaifu wa vijana. "Annoy" imeingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na asili yake ni maneno ya Kilatini "in odio", yaani katika chuki. Kifaransa cha leo bado kina "ennuyer" ya mzizi huohuo, nayo humaanisha kuudhi na kuchosha pia.

Mtego mwingine wa aina hii ni "disturbed". Kwa kuwa kusumbua ni "disturb", mtu husema "I am disturbed" akimaanisha amesumbuliwa. Lakini ikisimama peke yake baada ya "is" au "am", "disturbed" huweza kueleweka kuwa mtu mwenye matatizo ya akili. Na "disgusted", ambayo wengi huiweka mahali pa "nimechukizwa", ni kali mno: ina kinyaa ndani yake.

SWALI: Ninaandika barua rasmi ya malalamiko. Niseme "I am annoyed"?

JIBU: Ni sahihi, lakini inaleta hisia zako mbele ya hoja, na anayepokea barua atashughulika kukutuliza badala ya kutatua tatizo. Katika barua rasmi tumia "dissatisfied with" kwa huduma au kitu, "disappointed" kwa ahadi iliyovunjwa, na "concerned about" kwa jambo linaloweza kuleta madhara. Fungua kwa "I am writing to express my dissatisfaction with", taja kitu chenyewe, kisha tarehe, kilichoahidiwa na kilichotokea. Malizia kwa unachotaka kifanyike na kwa muda gani.

Na ukipokea barua kutoka kwa Mwingereza anayesema yeye ni "a bit annoyed", usidanganywe na hiyo "a bit". Jibu siku hiyohiyo.

SWALI: Hutamkwaje?

JIBU: "Annoyed" ina silabi mbili, mkazo kwenye ya pili: a-NOID. Usiongeze "edi" mwishoni. "Vexed" na "miffed" zina silabi moja na huishia kwa sauti ya t, "peeved" ina moja na huishia kwa d. "Irritated" ndiyo pekee kati ya hizi ambayo "-ed" yake husikika kama silabi kamili, kwa sababu imetanguliwa na t. Mkazo wake uko mwanzoni, I-ri-tei-tid. Kwa tahajia, "annoyed" ina n mbili, na y haigeuki kuwa i, kwa kuwa nyuma yake kuna irabu. "Irritated" ina r mbili.