Krismasi, wikendi moja, miji minne: sisi tulitoka Freiburg hivi

Mkuu, umeuliza kama ninyi wanafunzi sita mlioko Freiburg, Ujerumani, mnaweza kuondoka Ijumaa usiku kwa basi, mkaone masoko ya Krismasi ya Paris, Brussels na Amsterdam, na Jumatatu asubuhi muwe darasani. Kufika mtafika. Ila mtakachokijua vizuri ni vituo vya mafuta vya usiku. Mimi Desemba 2024 ndiye niliyebebeshwa uratibu wa safari ya aina hiyo, na lawama zake zote nilizila mwenyewe, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Tulikuwa saba: Watanzania wanne, Mkenya mmoja, jamaa wa Bukavu na Mhindi tunayesoma naye. Tulizunguka bonde la mto Rhine tu: Basel ya Uswisi, Colmar, Sélestat na Strasbourg za Ufaransa, kisha Kehl ya Ujerumani, ng'ambo ya mto, na nyumbani. Nchi tatu, na hakuna kipande cha treni kinachofika saa mbili. Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za kawaida na mabasi ya Ujerumani nzima, ambayo nadhani mnayo, inawafikisha Basel Bad, kile kituo cha Wajerumani kilicho ndani ya Uswisi. Mkishavuka hadi kituo cha Basel SBB mnakata tiketi ya treni ya kawaida ya Wafaransa, inayosimama Colmar na Sélestat. Kurudi ni rahisi zaidi: tramu D ya Strasbourg inavuka mto mpaka Kehl tangu 2017, na pale tiketi yenu ya Ujerumani inaanza kazi tena.

Basel ningeiruka. Soko la Barfüsserplatz linapendeza, lakini bei za Uswisi zinamfanya mwanafunzi anuse soseji na kupita. Halafu Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, kwa hiyo ile kanuni ya kutumia bando lako nchi nyingine bila kuongezewa gharama haikulindi huko. Mkenya wetu aliweka simu mfukoni huku picha zinajipandisha zenyewe. Chai haijapoa, salio limekwisha. Zimeni data mkiwa bado Ujerumani, washeni mkiingia Ufaransa.

Colmar ni ile ya kwenye picha, nyumba za mbao za rangi rangi kando ya mfereji. Ndiko alikozaliwa Bartholdi, mchongaji wa Sanamu ya Uhuru ya New York. Jumamosi ya Desemba, kwenye vidaraja vya Petite Venise mnasukumana kama mnagombea daladala ya Mbagala jioni. Tulikaa saa moja na nusu, ikatosha.

Sélestat hakuna aliyeitaka. Niliiweka kwa ubishi wangu, na ndiyo safari nzima inayokumbukwa. Maktaba ya mji ina daftari la hesabu la mwaka 1521, na humo kuna mstari unaosema walinzi wa msitu walipwe shilingi nne kwa kulinda miti siku ya Mtakatifu Thomas, tarehe 21 Desemba. Wenyeji wanajivunia kwamba hapo ndipo mti wa Krismasi ulipotajwa kwa maandishi kwa mara ya kwanza. Yaani habari yenyewe inaanzia kwenye gharama za ulinzi, watu wasijikatie ovyo! Na malipo ni shilingi. Tulicheka mpaka tukanyamazishwa. Kanisani kwa Mtakatifu Georges miti imening'inizwa juu chini ya matao, kila mmoja umepambwa kwa mtindo wa zama zake. Ule wa zamani kabisa una matufaha mekundu, basi. Dada yetu wa Zanzibar alisimama chini yake muda mrefu shingo imepinda, akasema huu ndio mzuri, hii mingine imezidishiwa.

Huyo dada ndiye alinifundisha kupanga muda. Katikati ya Desemba jua linazama baada tu ya saa kumi na nusu jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia ndani ya saa kama nne na kitu, kwa hiyo kila mji tulikuwa tunatafuta kwanza pa kuswalia, kisha soko. Yeyote anayepanga miji minne kwa siku mbili ajue kwamba miwili ataiona gizani. Masoko gizani ni mazuri, taa zinawaka. Makanisa na mitaa ndiyo unaikosa.

Chakula: kuna tarte flambée, mkate mwembamba kama chapati iliyokauka, juu krimu, vitunguu na vipande vidogo vya nyama. Ile nyama ni nguruwe. Jamaa wa Bukavu, kwa Kifaransa chake, alikuwa anaomba ya vitunguu vitupu, na juisi ya tufaha ya moto badala ya divai. Kikombe mnalipia amana, mnarudishiwa mkikirudisha. Mhindi wetu alianza kuokota vikombe vilivyoachwa mezani na kuvirudisha. Sitaki kusema alipata kiasi gani.

Strasbourg tuliipa Jumapili nzima. Soko lake lilianza 1570, na mnara wa kanisa kuu una mita 142. Kuanzia 1647 hadi 1874 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Tangu shambulio la Desemba 2018 ulinzi haujalegezwa, mabegi yanakaguliwa madarajani, kwa hiyo acheni mizigo mnakolala.

Tulilala Kehl, kwani vyumba vya Strasbourg mwezi huo bei haishikiki. Na hapo ndipo tulipopata balaa. Jumamosi usiku polisi wa Ujerumani waliingia kwenye tramu. Mwenzetu mmoja alikuwa na pasipoti, lakini kadi ya ukaazi ameiacha mezani Freiburg, ana picha yake kwenye simu. Picha si kadi. Alishushwa, sote tukashuka naye, dakika arobaini na tano miguu imekufa ganzi kwa baridi, mpaka jina lake likaonekana kwenye mfumo. Jumapili aligoma kuvuka tena, tukamwachia mabegi. Basi kabla ya kutoka, kila mtu aonyeshe pasipoti na kadi halisi mkononi. Kama kuna ambaye kadi yake imeisha na ana karatasi ya muda tu, aulize ofisi ya wageni kwanza.

Viatu visiwe raba zenye matundu. Na chumba cha Kehl wekeni wiki hii.