Udongo wa viriba kwa miche ya embe na papai, Tabora

Ndugu yangu, umeuliza kama viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, ujaze samadi tupu kwa kuwa udongo wa hapo Tabora ni kichanga. Usifanye hivyo, hasa ikiwa mbichi: itapata joto na kuunguza mizizi michanga.

Changanya madebe 3 ya udongo wa juu na 2 ya samadi iliyooza vizuri. Mchanga ambao wengi huongeza, wewe uache, tayari unao. Mimi ningetia udongo kidogo wa kichuguu uliopondwa, una mfinyanzi unaoshika maji. Lowanisha mchanganyiko huo, finya kiganjani: donge lishikamane, ukiligusa kwa kidole livunjike. Lisipovunjika, maji yatatuama na kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche michanga, kitaangusha mipapai yako shinani ikiwa bado na majani mawili.

Mbegu za papai zioshe mpaka ule ute utoke wote. Kokwa la embe usilihifadhi hadi mwezi ujao, lipande mapema, mbegu yake hufa upesi. Pasua kokwa kwa uangalifu, toa mbegu, ipande mgongo, ule upande uliobinuka, ukiangalia juu.

Halafu tuambie, samadi uliyonayo ni ya ng'ombe au ya kuku? Ya kuku ni kali, ipunguze nusu.