"Akienda hospitali atapata jina": je, kusubiri kunaongeza ugonjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, anaendesha bodaboda hapa Morogoro. Tangu Pasaka halali, anaongea peke yake, na anasema majirani wanamteta usiku kucha nyuma ya ukuta. Tumeshapita kwa waganga wawili. Mama hataki kusikia habari ya hospitali: "Akienda huko ataitwa wa Mirembe mpaka siku ya kuzikwa." Je, kusubiri kunaongeza ugonjwa, au tunapoteza muda tu? Na tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, binti. Kunaongeza. Kusikia sauti na kuamini kwamba unatetwa ni dalili za saikosisi, yaani hali ya akili kushindwa kutofautisha yaliyo kweli na yasiyo kweli, na mara nyingi huanza katika umri huohuo wa mdogo wako. Kadiri inavyokaa bila matibabu, ndivyo nafuu inavyochelewa na kuwa pungufu. Halafu tajiri anachukua pikipiki yake, mchumba anaondoka, wenzake wa kijiweni wanaanza kumkwepa. Hayo hakuna kidonge kinachoyarudisha.

Mama simlaumu, maana anachokiogopa kipo. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ilianzishwa Dodoma miaka ya 1920, na kwa miongo mingi ndiko walikopelekwa waliozidiwa kutoka kila pembe ya nchi. Hukohuko kuna Isanga, kwa wagonjwa wenye kesi za jinai. Ugonjwa na uhalifu vikachanganywa, jina la hospitali likawa tusi. Leo watu wakigombania chenji kwenye daladala utasikia mtu anaulizwa ametoroka lini Mirembe.

Lakini angalia jina hilo linapatikanaje. Anayekuja mapema huchukua dawa na kurudi kazini, mtaa usijue lolote. Anayefichwa chumbani miezi minane ndiye siku moja anatoka mbio hadi sokoni bila nguo, anafungwa kamba na kupakiwa kwenye gari la polisi, watoto wakikimbia nyuma. Mtaa mzima unaondoka na somo kwamba hospitali ya akili ni ya watu wa kamba, na familia nyingine yenye mgonjwa inaongeza kufuli mlangoni. Ile methali ya mficha maradhi huwa siitumii kliniki. Inamsuta mgonjwa, inawaacha waliomfanya afiche.

Kuna hofu nyingine ambayo mama huenda hajaisema: kwamba dawa zitamgeuza zezeta. Wale mliowaona wakitembea wamekakamaa, mate yakiwatoka, mara nyingi hayo si ugonjwa. Ni maudhi ya dawa kama haloperidoli, hasa dozi ikiwa kubwa. Yanarekebishika: dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, au huongezwa nyingine ya kulegeza misuli. Mkiyaona, mrudisheni aonwe. Wengi huacha dawa kimyakimya, ugonjwa ukirudi wanasema hospitali imeshindwa.

Si lazima muanzie Dodoma. Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, hapohapo Morogoro, kupitia wagonjwa wa nje kama watu wengine. Dirishani semeni hapati usingizi. Ni kweli, na inatosha kwa masikio ya foleni. Kwa daktari elezeni yote, pamoja na bangi au pombe kama vipo. Atataka pia kupima damu, kwa sababu yapo maradhi ya mwili yanayoleta dalili hizihizi. Sauti zinaweza kuchukua wiki kadhaa kupungua, kwa hiyo msikate tamaa siku ya tatu. Mama akitaka dua ziendelee, ziendelee. Ninachokataza ni kumfunga, kumchapa, kumlazimisha afunge kula na kumnyima dawa.

Ila asipokula wala kunywa, au akisema sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni dharura saa hiyohiyo, hata usiku. Na muulizeni waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Jambo la mwisho: msimdanganye kwamba mnakwenda kupima malaria. Mwambie, "Hulali, nami naumia kukuona hivi, twende wote." Ndugu wengi wameniletea mgonjwa kwa hila, wakafanikiwa mara moja tu. Siku ya kurudia dawa, hakukubali tena kupanda gari nao.