Kwako Shangazi: Nimwambie mchumba ninachopenda chumbani?

Kwako Shangazi. Nina umri wa miaka 31 na ninaishi Kasarani. Mimi na mchumba wangu tutafunga ndoa Desemba. Hatufichani kitu ila hili moja: napenda kufungwa mikono na kuamrishwa wakati wa mapenzi. Nahofia nikimwambia ataona nina mapepo, au atakimbilia kumuuliza msimamizi wetu wa harusi. Nimwambie au ninyamaze?

Mwambie, mwanangu, na iwe kabla ya Desemba. Mwanamume utakayelala naye ana haki ya kujua unachopenda. Msimamizi wa harusi hana.

Hilo la mapepo liondoe moyoni. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, haihesabu tena mapenzi ya aina hii kati ya watu wazima waliokubaliana kuwa maradhi.

Usimwambie mkiwa kitandani, wala mkitoka kugombana, wala akiwa amelewa. Mnaweza kwenda kutembea msitu wa Karura. Watu wakitembea bega kwa bega huongea mambo mazito bila kukodoleana macho. Anza na jambo moja dogo: "Napenda ukinishika mikono kwa nguvu kidogo. Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza, umsikilize. Wengi huharibu hapa kwa kumwaga kila kitu siku moja, na mwenzao husikia kwamba miaka yote hii hajawahi kuwaridhisha. Mwambie wazi kuwa hulalamiki. Mpe hata wiki nzima afikirie. Akikataa, usimbembeleze, kwani ridhaa ya kubembelezwa si ridhaa.

Akikubali, kila mmoja achukue karatasi yake na kuandika peke yake: ninayotamani, ninayoweza kujaribu, nisiyotaka kabisa. Linganisheni. Lililoandikwa kwenye "nisiyotaka" na mmoja wenu halifanywi.

Mchague pia neno la kusimamisha, kwa mfano "nyekundu". "Acha" halifai, maana mtu anaweza kulitamka kimchezo. Kama mdomo umezibwa, shika funguo mkononi. Zikianguka, kila kitu kinasimama.

Kwa kufunga, tumia leso iliyokunjwa ikawa pana kama kiganja. Kamba nyembamba na skafu ya hariri hukaza fundo kila unapovuta, na hubana mishipa ya fahamu ya mkono. Vidole viwili vya mfungaji vipite kati ya leso na ngozi. Mara ya kwanza, dakika 10 zinatosha. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au dole gumba likikosa nguvu, fungua papo hapo. Mkasi wa bandeji wenye ncha butu uwe karibu. Aliyefungwa haachwi peke yake, hata kama mgeni anabisha mlangoni. Pombe msiguse kabla. Na shingo isifungwe wala kukabwa; damu ikizuiwa kufika kwenye ubongo mtu huzimia kwa sekunde chache, na hakuna namna salama ya kufanya hivyo. Mkimaliza, mpeane maji, mjifunike, mkumbatiane. Kesho yake mzungumze lililopendeza na lisilopendeza.

Sasa siri. Kubalianeni mapema nani anaweza kujua, na mmoja akisema hapana, basi ni hapana. Katika mafunzo ya ndoa semeni mnaelewana chumbani, yatosha. Daktari na mshauri nasaha hamtawaficha mkiwa na shida. Na ukilazimishwa au kuumizwa, ahadi ya siri haikufungi: piga 1195, nambari ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, haitozwi pesa.

Vifaa viwekeni kwenye sanduku lenye kufuli, si chini ya mashuka ambayo mama fua atayakunjua. Picha ndizo hatari zaidi, nami nasema msipige. WhatsApp huweza kuhifadhi picha kwenye simu, simu ikaipakia mtandaoni yenyewe, na siku moja ikatokea kwenye runinga ya sebuleni mbele ya mama mkwe. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamtoza anayesambaza picha za faragha za mwenzake faini ya hadi Sh200,000, kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini sheria huja picha ikiwa imeshazunguka.

Shangazi, mke wangu anataka nimsimulie yote niliyofanya na wapenzi wa zamani. Ni lazima? Naishi Embakasi.

Si lazima. Mweleze unachopenda wewe na usichopenda, na hali yako ya afya. Mkapimwe pamoja HIV na magonjwa mengine ya zinaa, msikie majibu mkiwa wote. Ila majina na aliyoyapenda yule wa zamani ni siri yake, nawe huna ruhusa ya kuitoa. Mwambie mkeo hivyo kwa upole, na umhakikishie kuwa yake pia hutayatoa kwa mtu.