Kutu kwenye Volkswagen Beetle: majibu kwa maswali yenu

Sakafu ya kulia imetoboka, ya kushoto bado nzima. Kwa nini?

Betri. Kwenye Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na tindikali ikivuja hula bati taratibu. Itoe kabla ya kukata chochote. Osha bati litakalobaki kwa vijiko viwili vikubwa vya magadi ya kuokea katika lita moja ya maji, rudia mpaka lisitoe povu, kisha suuza na ukaushe. Betri ikirudi, iwekee trei ya plastiki. Bila hiyo, sakafu mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

Fundi anataka kukata maboksi ya chini ya milango pande zote mbili kwa pamoja. Nimruhusu?

Usimruhusu. Boksi lile linapitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini, lakini pia ndilo linalobeba bodi. Ukilikata bila tegemeo, uwazi wa mlango hubadilika, na mlango ukirudishwa unagonga nguzo au unagoma kufunga. Hapo hakuna puti (unga wa kujazia mabonde ya bodi) itakayokuokoa.

Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa, juu ya stendi na si jeki peke yake. Pima uwazi wa mlango kona hadi kona, mara mbili kwa mshazari, uandike vipimo kwenye bodi yenyewe. Chomelea bomba la mraba la mm 25 kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na jingine kwa mshazari. Sasa kata upande mmoja tu. Boksi jipya lishikize kwa nukta chache za kuchomelea, pima tena, ondoa bomba linalozuia mlango, pachika mlango na uangalie mwanya wake. Ukiwa sawa juu mpaka chini, chomelea kabisa. Upande wa pili unaanza baada ya hapo. Na tangi la petroli, ambalo liko mbele, litoke kabla ya kazi yote hii.

Bati la unene gani, na nichomelee kwa gesi au MIG (mashine ya umeme inayolisha waya)?

Sakafu geji 18 (kama mm 1.2), bodi geji 20 (kama mm 0.9). MIG yenye waya wa mm 0.6 ni salama zaidi. Joto la gesi husambaa na bati hujikunja. Piga nukta, ruka upande wa pili, acha ipoe, rudi. Anayechora mstari mmoja mfululizo anatengeneza mawimbi. Bati jeupe lina zinki: isage sm 2 au 3 kando ya kiungo, na ufanye kazi penye hewa ya kutosha, moshi wake huleta homa.

Madigadi imeoza ukingoni. Kiraka au mpya?

Mpya, kwa sababu imefungwa kwa bolti tu, spana namba 13. Shida ni nati: zimeshikizwa ndani ya bodi, na ukilazimisha bolti yenye kutu, ama inakatika ama nati inazunguka pamoja nayo. Loanisha kwa mafuta ya kulegezea tangu jana yake, kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Toa bampa na waya za taa kabla. Nunua mpira mpya wa katikati ya madigadi na bodi. Wa zamani umeshikilia maji. Kuanzia modeli ya 1968 taa za mbele zimesimama wima, kwa hiyo usinunue madigadi ya mbele kabla ya kulinganisha na ya zamani.

Nilipigiwa puti, sasa rangi inavimba. Nianzie wapi?

Futa puti yote mpaka bati tupu. Kama kuna tundu chini yake, lilizibwa bila kukatwa, na maji yanaingia kwa nyuma. Kata hadi bati linalong'aa, chomelea, piga praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo, hasa ukiwa Tanga au Mombasa ambako hewa ina chumvi. Puti iwe juu ya praima, isizidi mm 3. Ndani ya maboksi nyunyizia nta, ukiacha matundu ya kutolea maji wazi.