Begi na beki: kosa langu lilikuwa mwishoni mwa neno

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa msomaji. "Kaka, shikamoo. Kiingereza nakijua, sarufi hainisumbui, lakini kila nikiongea na wateja kwenye simu naambiwa nirudie. Mmoja kaniambia s yangu na z yangu ni kitu kimoja. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka nikujibu mistari mitatu nikalale, ila umenitonesha kidonda, kwa hiyo itabidi uvumilie hadithi kwanza.

Kazi yangu ni kurekodi sauti. Masomo ya mtandaoni, maelezo ya video, mambo kama hayo. Miaka minne iliyopita nilipata kazi yangu kubwa ya kwanza ya Kiingereza, na sitaki kukudanganya, nilijiona nimefika. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimamishwa mbele kusoma risala tangu nikiwa mdogo. Nikarekodi saa 3 za somo la biashara kwa sauti nzito ya kujidai, nikatuma, nikakaa kusubiri pongezi.

Siku ya pili kazi ikarudi na orodha ya maneno 63. Chini yake aliyeisikiliza alikuwa ameandika kwamba msomaji anawaahidi washindi bei badala ya zawadi. Palipoandikwa prize, mimi nilisoma price. Somo zima. Washindi wangu wote walipewa bei. Kazi akapewa mtu mwingine, wenzangu wakazipata habari sijui kwa njia gani, na kwa miezi kadhaa nikaitwa Bwana Bei. Leo nacheka. Wakati ule sikucheka, na mmoja wao hadi leo kaniandika hivyo kwenye simu yake, anadhani sijui.

Nilichofanya kwanza ni kununa. Nikawaambia watu kwamba hiyo ni lafudhi yangu, ni utambulisho wangu, wasinifanye mtumwa wa ulimi wa wengine. Maneno matamu, nilipigiwa makofi. Lakini lafudhi ni rangi ya sauti, na mimi sikuwa nimesema prize kwa rangi yangu. Nilikuwa nimesema neno jingine lenye maana yake.

Hasira zilipokwisha nikarudi kwenye yale ya darasani: konsonanti ghuna na konsonanti sighuna. Weka vidole kooni, useme sss, kisha zzz. Kwenye z, ambayo ni ghuna, utasikia koo linatetemeka, kwenye s, ambayo ni sighuna, kimya. Ulimi uko palepale, meno palepale, kinachobadilika ni nyuzisauti tu. Ndivyo zilivyo jozi zote: p na b, t na d, k na g, f na v, ch na j, th ya think na ile ya this ambayo sisi tunaiandika dh, na sh pamoja na mwenzake aliyejificha katikati ya measure.

Nilifanya zoezi hilo miezi miwili, mkono shingoni kama mtu mwenye matezi. Halikunisaidia kitu. Lingenisaidiaje? Nani kati yetu hatofautishi saa na zaa, faa na vaa, pata na bata, tua na dua? Jozi hizi tumezinyonya pamoja na maziwa. (Wale mnaosema "zahabu" na "samani ya dhahabu", nawaona. Mtu akikwambia hajui samani ya nyumba yake, hujui anaongelea bei au viti. Th na dh mnazo kwenye lugha yenu wenyewe, mmezitelekeza, kisha mnalia think na this ni ngumu.)

Kilichonifungua macho ni ile orodha. Usiku mmoja nikaipitia na kalamu, kila neno nikiweka alama mahali nilipokosea. Prize, mwishoni. Leave, nilisema leaf, mwishoni. Bag, mwishoni. Lose, eyes, road, mwishoni. Kati ya maneno 63, maneno 58 kosa lilikuwa kwenye konsonanti ya mwisho.

Sasa fikiria. Neno la Kiswahili huisha kwa irabu. Kila siku b, d, g, v na z zetu zina irabu ya kuegemea. Hata maneno tuliyoyachukua kwa Waingereza tumeyavalisha irabu: bus likawa basi, gas ikawa gesi, shirt likawa shati. Chukua bag na back. Sisi tuna begi la safari na beki wa mpira, na hakuna anayewachanganya, kwa sababu ile i ya mwisho inaishika g isianguke. Ikate hiyo i. G inabaki inaning'inia, pumzi inakatika, na kinachotoka mdomoni ni k. Umesafiri na beki.

Nilipolijua hilo nikafanya kosa la pili. Nikaanza kuzikandamiza zile konsonanti kwa nguvu ili ziungurume, na zilipounguruma zikaja na irabu zao. Prizi. Dogu. Bedi. Nikawa nasikika kama mtu anayefundisha watoto wa chekechea silabi.

Jibu nilikuja kuliona kwa macho kwenye programu ya kuhariri sauti, kabla ya kulisikia. Nilichukua sauti ya msomaji mzaliwa wa lugha hiyo akisema seat na seed, nikaziweka mawimbi yake moja juu ya jingine. D yake ya mwisho ilikuwa dhaifu mno, karibu haipo. Lakini irabu! Ile ya seed ilikuwa imenyooka ndefu, ile ya seat imekatwa fupi. Nikafuta konsonanti ya mwisho kwenye maneno yote mawili, nikasikiliza tena, na bado nilijua lipi ni lipi.

Hapo ndipo penyewe, mdogo wangu. Sikio la Kiingereza, mwishoni mwa neno, linapima urefu wa irabu zaidi ya linavyosubiri koo litetemeke. Kabla ya konsonanti ghuna irabu huvutwa, kabla ya sighuna hukatwa. Bed ivute, bet ikate. Prize ivute, price ikate. Eyes ivute, ama sivyo itasikika ice, nawe utamwambia mtu afumbe barafu. Usipigane na z. Vuta irabu, kisha iguse z kidogo tu na uiache ijifie yenyewe.

Mwanzoni mwa neno mambo ni mengine. Huko p, t na k za Kiingereza hutoka na mpumuo. Shika karatasi mbele ya mdomo, sema pat, itapepea. Sema bat, itatulia. Waswahili wa pwani wanaotofautisha paa wa mwituni na paa la nyumba wanaujua mpumuo huo, kwa sababu yule mnyama ndiye anayepewa. Ikitangulia s, kama kwenye spin au stop, mpumuo hutoweka. Basi, hilo halina mengi.

Lenye mengi ni tahajia. Sisi tumezoea lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, kwa hiyo tunaziamini herufi kama tunavyomwamini mama. Herufi za Kiingereza hazina uaminifu huo. Is, was, has, his, as, these: yote yanaisha kwa z. This amebaki na s yake. Of inaisha kwa v. Off ndiyo yenye f. Use likiwa jina lina s, likiwa kitenzi lina z. Wingi wa cat na book unachukua s, wingi wa dog, pen na key unachukua z. Ile -ed ya walked ni t, ya begged ni d. Haya ni maneno ya kila sentensi, na mimi niliyasoma kwa s kwa zaidi ya miaka 20 nikijiita msomaji mzuri.

Nami nasema hivi, na anayenuna anune: wengi wenu hamjisikilizi. Mnanunua kozi, mnasikiliza wazungu mchana kutwa, lakini sauti yenu wenyewe mnaionea aibu. Jirekodi. Dakika 5 tu, jozi kumi, vuta na ukate. Kesho yake sikiliza ukiwa umefumba macho, uandike ulichosikia, wala si ulichokusudia. Kisha jirekodi tena. Najua nimeshasema jirekodi. Nasema mara ya tatu kwa sababu mara ya kwanza uliiruka.

Mwezi uliopita nimerekodi saa 4 za somo la Kiingereza kwa mteja mpya. Prize ilikuwemo mara 9, nilizihesabu. Kazi ikarudi na neno moja tu la kurekebisha. Houses. Mimi nilijua house ina s, nikaiacha s yangu kwa fahari pale katikati, kumbe kwenye wingi hata hiyo nayo hugeuka z, kisha inafuatwa na z nyingine. Nimeirekodi upya mara 11 leo asubuhi. Ile ya 8 naona inafaa.